Jina Nililolikata kwa Rula

Kila asubuhi kabla ya kengele ya pili nilikagua kucha za darasa la pili. Watoto walipanga mstari ukutani, upande unaopata jua, wakanyoosha mikono, nami nikapita na rula yangu bila kumgusa mtu. Walinijua. Wenye kucha chafu walizificha kwa mazoea tu, maana walikwisha kuambiana kwamba Mwalimu Efrazia hapigi.

Ijumaa ile nilipofika kwa Zaina binti Bakari nikakuta viganja vyake vimekuwa vyeupe. Nilidhani ni majivu. Kisha nikaona na midomo ni myeupe, nikamwambia afungue kinywa. Akafungua. Ulimi wake ulikuwa umejaa chaki iliyotafunwa.

"Umekula ngapi?"

"Mbili, mwalimu."

Mtoto mmoja akacheka, halafu akanyamaza mwenyewe. Zaina akatia mkono katika mfuko wa gauni lake akatoa kipande cha tatu, kizima, akanipa.

"Hiki sikukila. Nilimwekea Hamza."

Hamza ni mdogo wake wa miaka minne. Nilikipokea kile kipande. Sikumaliza kukagua. Niliwaambia waingie darasani, nikabaki pale ukutani na rula yangu, na sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini mtoto anakula chaki. Nilijua kabla hajafungua kinywa. Mimi ndiye niliyelikata jina la baba yake.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa unga wa njano. Huku kwetu, chini kidogo ya msitu wa Magamba, watu wa Mombo hutuonea wivu kwa ukungu na kabichi, lakini mwaka ule hata sisi mahindi yalikauka yakiwa yanafika magotini. Uji wa shule ulikwisha mwezi wa tisa. Serikali ikaleta unga kwa lori, ukawekwa kwenye ghala la ushirika, na kila Jumamosi ukagawiwa.

Kazi ya ghala ilifanywa na wanawake wa kujitolea. Walikuwa wanne. Walifika alfajiri, wakafagia, wakapepeta, wakatoa wadudu, wakapima kwa kopo, na jioni wakarudi kwao na mgao uleule wa kila mtu, bila kijiko cha ziada. Nasema hivi kwa sababu baadaye yalisemwa maneno juu yao, na maneno yale ni uongo. Mkubwa wao alikuwa Bi Salma, mjane mwenye mzaha, na Mama Marta wa kwaya ya Kilutheri alikuwa mkono wake wa kulia. Juu yao alikuwapo katibu wa kamati, Kornelio, aliyewahi kuwa karani kwenye shamba la miti. Alipenda karatasi zilizonyooka.

Mimi niliombwa kusoma orodha kwa sababu nilitoka chuoni na nina mwandiko mzuri. Hakuna aliyeuliza kama nina sauti. Sauti yangu haikufika hata mlangoni, kwa hiyo Bi Salma alisimama kizingitini na kurudia kila jina nililolisoma, kwa sauti yake ya kuitia mbuzi. Watu walizoea. Waliniita redio isiyo na betri.

Wiki mbili kabla ya Ijumaa ile ya chaki nilisoma, "Bakari Shemhilu."

"Bakari Shemhiluuu!" akaita Bi Salma, halafu akajiziba mdomo.

Kila mtu alijua. Bakari alikuwa amezikwa siku tano kabla. Mti ulimwangukia wakati wa kufyeka shamba la kijiji, siku ya kazi ya wote, saa nne asubuhi. Nyumba yake iliandikwa kwa jina lake, kama nyumba zote zilivyoandikwa kwa jina la mume.

Kornelio hakuinua kichwa. "Marehemu hali unga. Kata."

"Na watoto?" Mama Marta akauliza.

"Mjane aje mwenyewe hapa, aweke dole gumba mbele ya kamati, aandikwe upya. Utaratibu ndio huo."

Utaratibu ule ulikuwa na sababu yake, lazima niseme. Katika kijiji cha jirani watu walichukua unga kwa majina ya wafu, wilaya ikagundua, lori likazuiwa mwezi mzima. Kornelio aliapa kwamba hapa kwetu halitazuiwa hata siku moja.

Lakini Mwanahawa, mjane wa Bakari, alikuwa kwenye eda. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi bila kuonana na wanaume wasio ndugu zake, na huku milimani tunaishi Wakristo na Waislamu ukuta kwa ukuta, hakuna asiyejua. Kornelio alijua. Mimi nilijua. Nilikuwa na kalamu mkononi na rula mezani. Nikalikata jina. Nilitumia rula ili mstari unyooke. Kisha nikageuza ukurasa.

Ijumaa ile, watoto walipotoka, nilichukua unga wangu wote uliobaki wiki ile, nikautia kwenye mfuko wa kitambaa, nikashuka hadi kwa Mwanahawa. Nyumba yake iko chini ya njia, kati ya migomba iliyokauka majani. Nilipiga hodi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika kaniki, na Hamza amelala pajani pake mchana kweupe, usingizi wa mtoto asiye na nguvu za kucheza.

"Shikamoo, Mama Zaina."

Alinitazama kwanza. "Marahaba. Kaa."

"Nimewaletea unga."

"Wa nani?"

"Wangu."

"Kwa hiyo wiki hii tunakula chako. Wiki ijayo tule cha nani? Cha mwalimu mkuu?"

Alivuta mfuko akauweka nyuma yake, kwa sababu watoto ni watatu na hasira haipikwi. Halafu akasema, taratibu sana:

"Nimesikia ulitumia rula."

"Nani amekuambia?"

"Wote wameniambia. Wanakuja hapa kunipa pole, wananieleza kila kitu, nani alisema nini, nani alikohoa. Jirani zangu wananigawia kidogo kidogo mpaka nao hawana. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniambia, mimi nilikataa. Nawe umekataa?"

"Hapana."

"Basi."

Hapo ndipo niliposema neno ambalo mpaka leo nalionea aibu. Nilisema, "Labda ungetoka mara moja tu, Mama Zaina. Kwa sababu ya watoto. Njaa ni dharura, hata shehe angeelewa."

Hakupaza sauti, asimwamshe mtoto. Lakini alihama kutoka Kiswahili kwenda Kishambaa, na kwa Kishambaa mtu hukuambia kitu bila kukivisha nguo. Alisema Bakari hakufa kwenye shamba lake. Alikufa kwenye shamba lao, lenu, la kila mtu. Alisema walimleta hapa juu ya mlango wa ghala waliouvua bawaba, Kornelio ametangulia, kofia mkononi, wakasema kijiji hakitamsahau. Hiyo ilikuwa siku ya Jumatatu. Jumamosi yake wakamkata.

"Nimebaki na kitu kimoja tu cha kumfanyia mume wangu," akasema. "Kumkalia eda. Wewe unataka na hicho nikibebe kichwani nikakipange foleni ghalani, watu wakitazame? Shehe amesema ninaweza kutoka. Amesema tangu wiki iliyopita. Mimi ndiye nisiyetaka. Kwa nini niende mimi, mwalimu? Aliyepoteza kitu ni nani hapa, na nani amfuate mwenzake?"

Nilipanda njia nikiwa nalia, lakini nilipofika shuleni machozi yalikuwa yamekauka na kilichobaki kilikuwa kigumu kama mbegu.

Jumamosi nilifika ghalani mapema. Kornelio alikuwa amekwisha kupanga vitu vyake mezani: orodha, kalamu, na kikebe cha wino wa kuwekea dole gumba. Nilimwamkia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

"Katibu, ninaomba nichukue kikebe nikampelekee Mwanahawa. Aweke dole kwake. Bi Salma atakuwa shahidi."

"Kikebe hakitoki ghalani, binti yangu. Nimekitilia sahihi wilayani."

"Ni dakika kumi tu."

"Leo kikebe, kesho orodha, keshokutwa gunia. Wewe umesoma, unaelewa."

Na mimi nikasema, "Sawa, Katibu." Maneno yote niliyoyapanga, na nililolitoa ni hilo.

Bi Salma alikuwa akipepeta karibu yetu. Alisubiri Kornelio aende nje kuhesabu watu. "Mwalimu," akasema, "hiyo sauti yako ungeitumia kuwabembeleza panya wahame. Kwa binadamu haifai."

"Mbona wewe hukusema, Bi Salma?"

Ungo ukasimama mkononi mwake. "Kwa sababu mimi akiniondoa hapa, ataleta wake za wenzake wa kamati wanaojua kujaza makopo kwa rafiki zao. Ndivyo ninavyojiambia kila usiku." Akaendelea kupepeta, kwa nguvu kuliko unga ulivyohitaji.

Ugawaji ukaanza. Foleni ilizunguka ghala ikashuka hadi njiani. Nilisoma, Bi Salma akarudia, mtu akaitika "Nipo," akasogea na chombo chake, Mama Marta akapima. Jina baada ya jina. Nikafika kwenye ukurasa wa tatu na mstari ukanitazama, umenyooka, mweusi, mzuri. Chini ya wino jina lilisomeka bado.

Nilisoma, "Nyumba ya marehemu Bakari Shemhilu. Mwanahawa."

Bi Salma hakurudia. Aligeuka kunitazama.

"Hilo limekatwa," akasema Kornelio. "Linalofuata."

Sikusoma linalofuata.

"Mwalimu, tumetoka nyumbani tangu saa kumi na moja!" akapiga kelele Tobia, fundi viatu, kutoka kwenye foleni. "Soma walio hai! Wafu hawana haraka!"

Watu wakacheka, kicheko cha njaa, kifupi. Mwingine akasema redio imezimika, mtu aipige kofi kidogo. Kornelio naye akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonimaliza, kwa sababu halikuwa la mtu mbaya. Lilikuwa la mtu anayejua kwamba baada ya muda mfupi nitasema sawa.

"Sikia, binti," akasema, sasa kwa upole wa kuwafurahisha watu. "Mnaniambia mwanamume nisiingie kwake. Mnaniambia yeye asitoke. Basi mimi nifanyeje? Nitoboe ukuta?"

Wakacheka tena. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, na mfukoni mlikuwa na kipande cha chaki. Nilikitoa nikakiweka juu ya orodha, mbele yake.

"Nini hiki?"

"Chaki," nikasema.

"Naona ni chaki."

"Zaina wa Bakari alikula mbili jana. Hii alimwekea Hamza."

Nilisema kwa sauti yangu ya kila siku. Waliokuwa karibu na meza waliacha kucheka. Nyuma yao hawakusikia, wakaanza kuulizana kuna nini, na Tobia akaita, "Anasemaje? Bi Salma, anasemaje huyo?"

Bi Salma alivuta pumzi, akaweka kiganja kando ya mdomo kama kawaida yake. "Nirudie, mwalimu?"

"Usirudie."

Nilisimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu na sikukiokota. Kornelio alinyoosha mkono kufunika kikebe cha wino, lakini nilikuwa nimekwisha kukichukua, na kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Niliitazama foleni yote, mpaka kule chini njiani, nikamtazama Tobia, na wale niliowafundishia watoto, na wanaume wale waliobeba ule mlango, na nikafungua kinywa.

"Jina lile nililikata mimi!" nikasema, na sauti ikagonga bati la ghala ikarudi. "Kwa rula! Katibu aliniambia kata, nikaogopa kumwambia hapana, nanyi nyote mlinitazama nikikata, nanyi mkaogopa. Bakari amekufa akifyeka shamba letu, na sisi tunamwambia mkewe avunje eda yake aje kutuomba! Hatatuomba. Sisi ndio tutakwenda kwake. Wino huu nampelekea mimi, na Bi Salma anabeba unga wa wiki tatu, na wewe, Katibu, utasimama nje ya mlango wake, kofia mkononi kama siku ile, umwombe radhi kwa sauti ambayo na yeye ataisikia ndani!"