Chupa Zilizokanyagwa

Kituo cha kurudisha chupa za plastiki kilipofunguliwa hapa Eldoret kiliandika watu kumi na wawili, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kazi yangu ni kuangalia. Chupa ikiwa nzima na ina lebo, aliyeileta analipwa. Ikiwa imebondeka hatuichukui.

Jumanne alikuja Mama Nanzala na magunia mawili. Ndiye aliyenifundisha kuokota chupa kwenye mapipa ya taka ya mtaa wa Elgon View, na kuzikanyaga ili gunia libebe nyingi, enzi zile tulipoziuza kwa kilo.

"Mildred! Siku hizi unavaa glavu kama daktari," alinitania. "Haya, nipimie."

Alipofungua kamba niliziona. Zilikuwa bapa kama chapati.

"Mama, hapa hatupimi kilo. Zilizokanyagwa hazichukuliwi."

Alicheka, akidhani namrudishia utani. Kisha akamwona supervaiza Kipyego amesimama nyuma yangu.

"Nimezitafuta wiki mbili, mwanangu. Hata moja hamchukui?"

Nilipekua magunia yote mawili polepole, mpaka chini kabisa. Hakuna aliyoisahau. Alikuwa amezikanyaga zote vizuri.

"Hata moja, Mama."

Nilimtwika magunia yake, kisha nikamwita aliyefuata.