Mabibi wa Gavana Pettifer

Mwaka 1972 kazi yangu London ilikuwa kutafuta wazee wa watu wengine. Mmarekani mmoja alitaka nasaba ya babu yake wa kale, Amos Pettifer, aliyekuwa gavana wa jimbo moja la Marekani nchi yao ilipokuwa bado changa. Maisha yake yalijulikana: mtoto wa mshona viatu, alivuka bahari na mjomba wake, akawa mwanasheria, akaoa mara tatu, akatawala miaka miwili. Mimi nilitakiwa kupata waliomtangulia, nikashinda nikifunua vitabu vya ubatizo vya makanisa.

Mwezi mzima niliandika baba kwa baba, kama tulivyofunzwa Unguja. Mkuu wangu, Bwana Mahendra wa mtaa wa Kingsbury, akanirudishia karatasi zangu.

"Mardhiya, wanawake wapi? Gavana huyu alizaliwa na wanaume watupu?"

Nikaanza upya. Nikampata Joan, nikampata Agnes, nikampata Tabitha, hadi bibi wa kizazi cha sita.

Mganga hajigangi. Mama yangu alikuwa Mombasa tangu tulipokimbia Mapinduzi, na cheti changu cha kuzaliwa kilibaki Unguja. Nilipomwombea aje London, ofisi ya viza ikaamua kutuuliza kila mmoja peke yake, yeye kule, mimi huku. Majibu yakilingana, basi ni mama yangu kweli, aje tuishi pamoja.

Nilijibu vizuri mpaka ofisa alipouliza, "Mama wa mama yako aliitwa nani?"

"Bibi."

"Jina lake."

Kwetu mtoto hatamki jina la mkubwa wake, na la bibi sikuwahi hata kulisikia. Majirani walimwita Mama Himid. Mumewe alimwita "wee".

"Mama Himid," nikasema. Akaandika. Nilijua nimeharibu, lakini sikuhisi kitu ila ubaridi wa kiti cha chuma.

Kesho yake nilirudi kazini nikaimaliza nasaba ya gavana. Bwana Mahendra akanisifu.

Wiki ya tatu barua ikaja. Ombi limekataliwa, majibu hayalingani: mimi nimesema Mama Himid, mama yangu amesema Mwanakheri binti Vuai. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti langu. Nilitaka kulia, kilio hakikuja. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na ndiyo kwanza nalijua jina la bibi yangu, limepigwa taipu kuwa ushahidi kwamba mimi si mjukuu wake.