Sauti ya Kamusi

Mbele ya dirisha la ukaguzi wa pasipoti palikuwa na mstari wa manjano sakafuni, na fundi mkuu alisimama nyuma yake sawasawa, ncha za viatu zikiugusa. Mkono wa kulia alishika pasipoti isiyo na muhuri hata mmoja. Wa kushoto alishika kadi iliyokatwa kwenye boksi la skrubu, yenye sentensi sita za lugha ya nchi ile: habari za asubuhi, nimekuja kikazi, nitakaa wiki tatu, asante, choo kiko wapi, samahani sielewi. Ndani ya ndege alizikariri kwa sauti mpaka abiria wa kiti cha pili akaomba kuhamishwa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na hajawahi kutoka nje ya nchi yake.

Ofisa akamwita kwa kidole. Fundi akafungua kinywa aseme sentensi ya kwanza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana. Haikuhangaika na kadi. Ilisalimu, ikaeleza, ikajibu swali ambalo fundi mwenyewe hakulielewa, kisha ikaongeza neno lililomfanya ofisa atabasamu. Ofisa akatazama picha ya mwanamume mwenye masharubu, akamtazama mwenye masharubu mwenyewe, akapiga muhuri. Foleni ilikuwa ndefu na yeye alikuwa hajanywa chai.

Fundi aliitambua ile sauti kabla hajaokota begi lake. Ilikuwa ya Kamusi.

Kamusi lilikuwa jina ambalo binti mmoja wa karakana ya mizani alipewa na mafundi wenzake. Mashine mpya ya kukagulia mizani ilipoletwa, kitabu chake cha maelekezo kilikuwa katika lugha ambayo hakuna aliyeijua, na wote walikipiga chenga. Yeye, mdogo kuliko wote, alinunua kamusi, akakaa na kitabu hicho kila mchana wakati wenzake wanakula. Kwa miaka miwili alisoma, akasikiliza redio ya nchi ile, akazungumza peke yake huku akifunga na kufungua nati. Walimcheka wakachoka. Kiwanda kilichounda mashine kilipoalika fundi mmoja kwenda kufundishwa, hakuna aliyeuliza ni nani atakayekwenda.

Ila mkuu wa karakana, ambaye hupenda kusikia jambo mara mbili, alimwita fundi mkuu faragha. "Yule binti umeshaongea naye? Yuko tayari?"

Fundi alikuwa amemfundisha binti huyo kushika bisibisi. Alikuwa pia ameona ndege zikipita juu ya paa la karakana kwa miaka ishirini na saba. Akasema, "Nimeongea naye. Amekataa. Anaogopa kusafiri peke yake."

Hapo karakanani kumsemea mtu lilikuwa jambo la kawaida. Aliyechelewa alisemewa kwamba yuko njiani, aliyelala alisemewa kwamba anaumwa. Mkuu akaandika jina la fundi kwenye fomu, na penye swali la lugha fundi akajaza mwenyewe: naifahamu vizuri. Kamusi aliambiwa tu kwamba wamechagua mtu mzima. Siku mbili macho yake yalikuwa mekundu. Siku ya tatu alimletea fundi ile kadi yenye sentensi sita, na kamusi lenyewe, lililofunikwa kwa gazeti. "Litakusaidia, mzee wangu," alisema. "Ukikwama, soma taratibu."

Fundi alilipokea kwa mikono miwili, na aibu ikampanda mpaka kwenye masikio.

Kiwandani mambo yalikwenda vizuri mno. Mwalimu, mtu mwembamba aliyeweka kalamu nyuma ya sikio kisha akaitafuta mezani, alifurahi kumpata mwanafunzi wa namna ile. Sauti ya Kamusi iliuliza maswali. Ilibisha. Siku ya nne ilimfanya mwalimu afute ubao mzima na kuanza upya, akicheka. Wanafunzi wa nchi nyingine walinakili kila jibu. Fundi peke yake hakunakili kitu, maana alikuwa ameletewa sauti tu. Masikio yalibaki ya kwake, na hayakuelewa hata neno moja. Alikaa mstari wa mbele, kichwa akikitikisa, daftari jeupe. Kila aliposifiwa aliinamia viatu vyake.

Jumapili alimpigia mkewe simu.

"Wewe nani?" mkewe akauliza. "Mpe mwenye simu."

"Ni mimi, mama watoto."

"Mimi nani? Nimekuuliza kwa adabu."

Fundi akamtajia ubao wa tatu wa kitanda chao, uliovunjika, na nani aliuvunja. Mkewe akashusha pumzi.

"Hiyo si sauti ya yule binti wa kazini kwenu? Aliyekuja kutusaidia siku ya msiba?"

"Ndiyo hiyo."

"Na yeye sasa anaongea kwa ipi?"

Fundi akasema hajui. Kwa lugha ya nyumbani sauti ilimtii, ikasema hajui, na ikalisema kwa upole wa Kamusi, jambo lililomfanya ajione mdogo zaidi.

"Basi itunze," mkewe akasema. "Kitu cha watu hicho." Kisha akauliza kama anakula vizuri.

Wiki ya pili aligundua kwamba sauti ina mazungumzo yake. Kila ilipomaliza mambo ya mashine, ilirudia maneno fulani matatu. Iliyasema kwa mwalimu, kwa mpishi wa kiwanda, kwa mama mwenye nyumba ya wageni. Iliyasema hata kwa mfagiaji wa ngazi. Kila aliyeambiwa alimtazama fundi kwa huruma, akampigapiga begani. Mama mwenye nyumba alianza kumwongezea blanketi. Fundi alidhani ni salamu ya heshima, naye akawa anaitikia kwa kuinama.

Mwishowe akataka kujua. Mchana mmoja, sauti iliposema tena maneno yale, alimpa mwalimu kalamu na daftari lake jeupe. Mwalimu akayaandika, akamrudishia bila kumtazama usoni. Fundi akaketi kitandani na kamusi, akayatafuta moja moja, taratibu, kama alivyoelekezwa. La kwanza lilikuwa "mimi". La pili lilikuwa "si", la kukanushia. La tatu lilimchukua muda. Pembeni ya kila neno alilokwisha kulishika, Kamusi alikuwa ameweka alama ndogo ya penseli, na neno hili lilikuwa na alama. Lilikuwa "kataa".

Sikukataa. Wiki mbili nzima, kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa amezunguka nchi ya watu akitangaza uongo wake, huku akiinama na kutabasamu. Nchi nzima ilijua, isipokuwa yeye. Fundi akajifunika lile blanketi la nyongeza, jua likiwa bado dirishani, akatamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, ikabidi kesho yake aende darasani.

Aliporudi nyumbani, karakana ilimfanyia sherehe ndogo ya soda. Alisema asante kwa sauti ya Kamusi, na mafundi wakapiga makofi. "Ughaibuni kumemlainisha," mmoja akasema. Mwingine akasema hewa ya kule ni safi, koo lazima libadilike. Kisha wakarudi kazini.

Kamusi hakuwapo kwenye soda. Asubuhi ile ile fundi alipofika ughaibuni, yeye alikuwa ameamka bila sauti. Daktari alimwangalia koo, akaandika kwamba halina ugonjwa wowote, sauti imetoka tu. Mkuu wa karakana, kwa nia njema, alimhamishia stoo, kwa kuwa skrubu hazihitaji maongezi. Alikuwa akikaa nyuma ya kidirisha cha waya, na rundo la kadi zilizokatwa kwenye maboksi, akiandika anachotaka kusema.

Ile mashine mpya ilikuwa bado imefunikwa turubai. Fundi aliifunua, akaitazama, akaifunika. Mambo yote aliyoyauliza kule yalijibiwa, na majibu yote yalikuwa yamempita.

Siku ya tatu akapiga moyo konde, akaingia ofisini kwa mkuu. Njiani alikuwa ameipanga sentensi: yule binti hakukataa, nilimsemea uongo. Akasimama mbele ya meza, akaianza. Lakini sauti ilikuwa ya Kamusi, na haikuweza kumwita Kamusi "yeye".

"Sikukataa," ikasema. "Sikukataa hata kidogo. Nilitaka kwenda."

Mkuu akainua macho kutoka kwenye karatasi zake. "Najua hukukataa, fundi. Wewe hujawahi kukataa kazi. Ndiyo maana tulikupeleka wewe." Akamwonyesha barua. "Tena kiwanda wamekusifu sana. Mwaka ujao wanataka urudi. Nimeshakuandikisha."

Fundi alikuwa na kalamu mfukoni. Mezani kulikuwa na karatasi tele, na maneno matano yangetosha. Akaigusa kalamu, akaiona sura ya mkuu itakavyobadilika, akawaona mafundi wakiambizana kwenye benchi. Akauacha mkono mfukoni.

"Kuna lingine?" mkuu akauliza.

"Hakuna," sauti ikasema, kwa utii. Fundi akatoka, akafunga mlango polepole.

Kesho yake asubuhi alihitaji skrubu za mizani ya duka, akaenda stoo. Angeweza kumtuma mtu, lakini wote walikuwa na kazi. Kamusi alikuwa anapanga makopo. Alipomwona mkubwa wake akasimama, kama alivyolelewa, na midomo yake ikacheza bila kutoa kitu: shikamoo.

Shikamoo haiachwi hewani. Fundi alitazama sakafu, akaitazama sana, kisha akaitikia.

"Marahaba," sauti ya Kamusi ikasema.

Binti akatulia, kopo mkononi, kichwa ameinamisha upande mmoja. Hakushangaa. Alihesabu skrubu nane, akazipitisha chini ya waya. Halafu akachukua kadi, akaandika neno moja, akaibandika kwenye kidirisha ili mzee wake asome vizuri: Rudia.

Fundi akarudia. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi, huitikia mara mbili.