Mama Aliyezikwa kwa Maneno

Mwaka ule Noeli na Hanuka, sikukuu ya taa ya Wayahudi, ziliangukia jioni moja. Papa Anaclet, mkurugenzi wa nyumba ya watoto waliokimbia vita kule Bagira, mjini Bukavu, aliona Mungu mwenyewe amemfungulia mlango. Wafadhili wake walikuwa chama cha Wayahudi na Wakristo wa Ubelgiji waliozoea kusherehekea pamoja, na safari hii waliandika kwamba watakuja Bukavu washerehekee na watoto. Aliisoma barua mara tatu mbele ya wafanyakazi, kisha akaanza kutafuta mtoto wa kuwasha mshumaa.

Akamchagua Asumini, msichana wa miaka minane kutoka Sange. Mtoto wa Kiislamu awashe mshumaa wa Wayahudi mbele ya pango la Yesu: picha hiyo peke yake, alisema, ingelisha nyumba mwaka mzima.

Shida ilikuwa moja. Wafadhili walisaidia mayatima tu, na Asumini alikuwa hajakubali kuwa yatima. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba mama yake amepotea. Risasi zililia alfajiri, wakakimbia, mama akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Katikati ya watu mkono ukaponyoka, naye akapandishwa lori na majirani mpaka Bukavu. Majirani walimwacha mlangoni pale, wakaendelea na safari yao. "Mama anakuya," alikuwa akisema, kama mtu anayetaja siku ya soko.

Kazi ya kumfundisha maneno ya sikukuu ilimwangukia Maman Eulalie, mlezi, mjane wa miaka hamsini na kitu. Watoto walimpenda. Alijua kuosha kidonda bila kuumiza.

Wiki mbili kabla ya sikukuu, Eulalie alipanda Kadutu kununua maharage. Pale sokoni akamkuta mwanamke mwenye mtoto mgongoni na gunia la makala, yaani mkaa, kichwani, akiuliza kila mtu kama hajaona msichana mwenye kovu la moto kwenye kidevu. Yeye mwenyewe, alisema, anaitwa Maisara, ametoka Sange. Asubuhi ile ile Eulalie alikuwa amelipaka kovu hilo mafuta. Alifungua kinywa, akamfikiria kwanza Papa Anaclet, akakifunga. Akamwambia yule mama kwamba hajaona, ila ataulizia.

Aliporudi akamweleza mkurugenzi, akidhani atafurahi. Papa Anaclet alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba mama aliyengoja miezi mitatu hashindwi kungoja wiki mbili. Halafu akaongeza kwamba mtoto asiyeamini maneno yake hayasemi vizuri, na wageni wataona.

"Umuambie mama yake alikufa," alisema. "Sikukuu ikiisha atafufuka, mutoto atafurahi mara mbili."

Akacheka. Mlezi aliyemtangulia Eulalie alikuwa amefukuzwa kwa kubishana naye juu ya sabuni, na Eulalie hakuwa na paa jingine mjini.

Basi akafanya. Alimketisha mtoto kwenye ngazi za nyuma, akamwambia watu wa Sange wameleta habari. Asumini aliuliza nani alimuona. Watu wengi, Eulalie akajibu. Akauliza kama walimzika. Hilo Eulalie hakulitazamia, akabuni: walimzika vizuri, karibu na msikiti, pamoja na mtoto mchanga. Kwa nini alimtia mtoto mchanga ndani hata mwenyewe hakujua. Uongo ukishapata nyumba huita ndugu zake. Asumini hakulia. Alitazama mvua ikishuka ziwani, kisha akauliza, "Sasa mie niko wa nani?"

"Wangu," Eulalie akamwambia.

Siku yenyewe wageni watano walifika mchana. Mmoja wao, Madame Judith, bibi Myahudi mwenye nywele nyeupe, hakutaka kukaa kwenye kiti alichowekewa. Aliingia jikoni, akakunja mikono ya gauni, akaanza kukaanga mandazi na watoto. Kwa kinywa cha Ornella, msichana wa mjini aliyeajiriwa kutafsiri, aliwaeleza kwamba sikukuu yao ni ya mafuta: zamani, hekaluni, mafuta ya siku moja yaliwaka siku nane. Watoto waliocheka zaidi ni wale waliokwisha kulamba sukari yote. Papa Anaclet alipomwarifu kwamba Asumini atawasha mshumaa kwa kumkumbuka marehemu mama yake, bibi alitikisa kichwa. Taa hizi si za wafu, alisema, ni za furaha. Papa Anaclet alitabasamu, akakubali kila neno, na programu akaiacha kama ilivyokuwa.

Ilipotimia saa kumi na mbili walikusanyika mbele ya pango la majani ya migomba. Asumini alivalishwa gauni jeupe, akapewa mshumaa wa kuwashia. Eulalie alisimama nyuma yake. Mtoto aliwasha ule wa usiku wa kwanza bila kutetemeka, akasogezewa maikrofoni, akasema, "Mama yangu alikufa ku Sange. Balimuzika na mutoto yake. Merci kwa kunipenda."

Madame Judith alingoja Ornella amalize kutafsiri. Uso wake ulibadilika. Aliinama, akamuuliza mtoto taratibu jina la mama yake, apate kumwombea.

"Anaitwa Maisara."

Jina likatoka kwenye spika, likavuka ukuta. Nje ya geti, tangu alasiri, palikuwa na wanawake wa makala waliosikia kwamba leo watoto wa vita wanakula, wakaja kungoja masalio. Mmoja wao alisikia jina lake likitajwa na sauti anayoijua. Chrispin, mlinzi, alijaribu kumzuia, akabaki ameshika kipande cha kitenge.

Maisara aliingia uani akiwa amelowa mvua ya alasiri, miguu imejaa matope, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya homa, mtoto mchanga mgongoni. "Mini," aliita. "Mini, niko hapa."

Asumini aliona maiti mbili zinamjia. Alipiga ukelele mmoja, akaangusha mshumaa, akamkimbilia Eulalie na kujifunika uso kwa nguo zake. Maisara alipomgusa bega, mtoto alimrushia teke. Lilimpata tumboni. Hakuhisi teke, ila mikono yake ilibaki hewani, haijui iende wapi.

Papa Anaclet alishika maikrofoni, akawaeleza wageni kwa Kifaransa kwamba vita vimemvuruga akili mama huyu maskini, kila juma anakuja kudai mtoto. Wageni waliinamisha vichwa. Madame Judith peke yake hakuridhika. Alimwendea Eulalie, na Ornella akatafsiri: wewe unayemlea mtoto, unamjua mama huyu?

Maisara naye alikuwa amekwisha kumtambua. "Maman, si tulionana ku soko?" alisema, karibu kwa furaha. "Baambie."

Eulalie aliona uso wa Papa Anaclet umetulia kabisa. Alihisi ngumi mbili ndogo zikimvuta nguo kiunoni.

"Simujue," alisema.

Chrispin akamtoa. Maisara hakupigana tena. Alikuwa anageuka nyuma kumtazama mtoto, na mtoto hakuinua uso. Watoto wakaambiwa waimbe, wakaimba. Mshumaa ukawashwa upya kwa ajili ya picha. Madame Judith alikataa kusimama ndani ya picha ile, akaenda kukaa jikoni mpaka gari lilipokuja kuwachukua. Papa Anaclet alimshika Eulalie mkono, akamshukuru kwa kuwa na akili.

Asubuhi Asumini hakugusa uji. Alimngoja Eulalie amalize kufagia.

"Mufu anaweza kuwa na matope ku miguu?" aliuliza. "Na aliniita Mini. Hapa hakuna mutu anajua ile jina."

Eulalie alitupa fagio. Bila kuomba ruhusa alimshika mkono wakapanda Kadutu. Wanawake wa makala walimtazama kwa dharau, wakamwambia amechelewa: Maisara amepanda gari la kwanza, amerudi Sange, vita au si vita. Asumini alisikia yote. Aliuchomoa mkono wake taratibu, akatembea peke yake mpaka nyumbani.

Siku hiyo hiyo Eulalie alimtafuta dereva aitwaye Djafari, anayefanya njia ya Uvira inayopita Sange, akamsihi amtafute mama huyo, amwambie kweli yote, na kwamba mtoto anamngoja. Djafari alirudi siku ya tano. Hakupenda kuisema habari yenyewe. Alikuwa anafuta kioo cha gari kilichokuwa safi tayari.

Alikuwa amemwona Maisara. Maisara alisikiliza, akamkaribisha maji ya kunywa, akajibu hivi: "Mutoto alinikimbia mbele ya batu. Kama kule anakula, akae kule. Nilimulilia mara ya kwanza ku barabara, mara ya pili ku lango ya benyewe. Ya tatu sitaweza."

Eulalie alimkuta Asumini kwenye ngazi, anamenya maharage. Mtoto aliinua macho. Njia nzima Eulalie alikuwa amepanga kusema mama anakuja, Januari, barabara ikitulia. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu. Alikaa chini akamwambia yale aliyoletewa, yote, hata ya mara ya tatu.

Asumini aliendelea kumenya mpaka beseni likajaa.

"Na hii," aliuliza, "iko ya kweli ao ya bageni?"

"Iko ya kweli."

Mtoto akainua beseni, akalipeleka jikoni.