Kibodi ya Makumbusho

Fundi alizijua swichi za kibodi aliyoletewa hata chai haijapoa. Alibonyeza kitufe kimoja. Kikashuka laini mpaka chini, bila kukwaruza wala kugonga. Akakichomoa, akasogeza sindano, na sindano ikavutwa. Sumaku! Kibodi ya zile kompyuta za zamani za kujaza chumba kizima, na swichi zake za sumaku. Hapo kwake hakukuwa na fumbo.

"Vipi mzee wangu, umezitambua?" aliuliza dada wa makumbusho. Alitaka jina la aina ya swichi tu, aliandike kwenye kibao cha maonyesho.

Mzee wa watu, mke katangulia mbele za haki, watoto wanapiga simu wakikumbuka, akamtazama dada alivyojiachia kwenye kiti, viatu kavua, anajichekea. Akajua akijibu tu, huyu anabeba kibodi yake na kwaheri ya kutoonana.

"Mambo haya hayataki haraka, mwanangu," akasema. "Pitia kesho."

Weee! Kesho ikazaa kesho. Leo anadai huenda ni za springi, kesho za sponji, keshokutwa eti taa haimuliki vizuri. Dada akitoka kazini anapitia, wanapiga soga, anamwigiza bosi wake mwenye kisirani, fundi anacheka mpaka machozi. Akishaondoka, fundi anabaki akiongea na ukuta. Mtu mzima na mvi zake, anamzungusha binti wa watu! Lakini upweke hauna adabu, jamani.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja dada aliingia, hakukaa.

"Maonyesho ni kesho, mzee wangu. Nimewaambia waandike 'haijulikani.' Bosi kanisema mbele za watu, eti nimechagua fundi asiyejua kazi. Nikamwambia unaijua sana, ila hii imekushinda hata wewe. Usijisikie vibaya."

Huruma ile ilimchoma kuliko tusi.

"Ni za sumaku," fundi akasema. "Nilijua siku ile ile ya kwanza."

"Siku ile ile? Sasa mbona...?"

"Nilitaka uwe unakuja."

Dada akaibeba kibodi, akaikumbatia kifuani, machozi yakamlengalenga.

"Ungesema tu hivyo, mzee wangu," akasema. "Ningekuja."

Akatoka, akaurudishia mlango taratibu, bila kuaga.