Kifuu cha Dirishani

Wanaume wawili walisimama chini ya dirisha lake wakiwa wameipa nyumba mgongo. Mwanakombo aliwatazama kupitia upenyo wa pazia. Hakuna aliyethubutu kugeuka, kwa kuwa ndani mlikuwa na mjane aliye edani, na heshima hiyo kisiwa kizima cha Funzi kinaijua.

“Shemeji,” Sefu aliuambia ukuta wa jirani, “tunaomba dirisha.”

Laiti angekuwa na kicheko, angecheka. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemtuma mama mkwe wake, Bibi, akamwulize Sefu kama angeweza kutoka mara moja tu, akapige kura pale shuleni na kurudi. Jibu lilikuja kavu: mwanamke wa eda hatoki ila kwa dharura, na kura si dharura. Tangu Mbwana azikwe, Sefu, mdogo wake marehemu, ndiye mwenye kauli katika familia. Na leo alikuwa pia wakala wa mmoja wa wagombea wawili wa kiti cha wadi, na mwenzake hapo nje alikuwa wakala wa yule mwingine. Sefu alijua fika kwamba kura ya shemeji yake isingemwendea mtu wake. Ingemwendea yule mama aliyeahidi boti ya wagonjwa.

Boti hiyo Mwanakombo hakuitaka kwa ushabiki. Mbwana alifia katika chumba hikihiki, alasiri moja, huku simu ikitafuta mtandao ili mtu aliye ng'ambo aitwe alete boti ya mashine. Kile kiduara cha kwenye kioo cha simu kilizunguka na kuzunguka. Kilipokoma, hapakuwa tena na mtu wa kupelekwa hospitali ya Msambweni.

Na simu yenyewe ilikuwa ndani ya kifuu. Mbwana ndiye aliyegundua kwamba mtandao ukipotea kisiwani kote, pembe hii ya dirisha huambulia kidogo kutoka mnara wa mbali. Akapigilia kifuu cha nazi kwenye fremu. Ukiiweka simu humo ukarudi nyuma, mtandao unakuja. Ukiishika mkononi, unakimbia. Siku nyingine ulikataa hata humo. Majirani walizoea kuja kupiga simu zao hapo, wakipaza sauti mpaka siri za ndoa zao zikajulikana mtaa mzima.

Leo kampuni ya simu ilikuwa imewatumia watu ujumbe kwamba mnara unabadilishiwa mitambo ili wapate kasi zaidi. Tangu alfajiri hakuna simu iliyolia.

Mlango wa chumba ulibishwa. Bibi alimwingiza msichana aliyevaa kizibao cha wasimamizi wa uchaguzi, jasho likimtiririka.

“Shikamoo mama. Pole kwa msiba. Mimi ni Nthenya, ndiye msimamizi wa kituo.” Wazazi wake walitoka Ukambani wakapewa shamba huku, naye alizaliwa na kukulia Pwani, lakini haraka ilimrudishia lafudhi ya bara. “Kosa ni langu. Ule mtambo wa kusoma vidole, nimekosea namba ya siri mara tatu, ukajifunga. Lazima ofisi initumie namba mpya kwa simu, na ujumbe wangu wa kuiomba bado haujaondoka. Nimezunguka kisiwa chote. Watu wameanza kurudi nyumbani, na saa kumi na moja tunafunga.”

“Waliobaki kwenye foleni ni akina nani?”

“Wengi ni wavuvi, wamerudi kutoka baharini adhuhuri.”

Wavuvi walikuwa watu wa mtu wa Sefu. Ndiyo maana alikuwa amekuja mwenyewe, mbio, kuomba kwa sauti laini ambayo asubuhi hakuwa nayo. Mwanakombo aliona wazi lililokuwa mkononi mwake. Neno moja tu, “niko edani,” na foleni ingesambaa. Nani angemlaumu? Wangemsifu kwa kushika dini. Boti ingepita. Alikuwa na hasira, tena hasira iliyompa nguvu ambazo hakuwa amezisikia mwilini tangu mazishi.

“Shemeji,” Sefu aliita tena, “wallahi hii ni dharura.”

Neno lile lilimchoma. Kabla hajajibu, kelele zilipanda kutoka upande wa shule. Sauti ya mzee mmoja ilizishinda zote, imekwaruzika kwa uchovu: “Tumesimama tangu mchana! Kwani sisi si watu?”

Mwanakombo akaketi kitandani. Maneno hayo aliyajua. Ndiyo aliyoiambia simu ile alasiri ile, akiitikisa, akiirudisha ndani ya kifuu, akiitoa tena.

“Weka simu yako humo,” alimwambia Nthenya. “Kisha rudi nyuma, usiiguse.”

“Mawakala lazima waone, mama. La sivyo watasema nimepika.”

Mwanakombo akajivuta nyuma ya chandarua, akajifunika shuka jeupe mpaka machoni. “Bibi, fungua pazia. Sefu! Geukeni. Mtazame kifuu, msitazame kingine.”

Wanaume wakageuka. Wakakikodolea macho kifuu cha nazi. Nthenya alikuwa akijing'ata kucha. Simu haikutoa sauti. Mbu alimlia Mwanakombo sikioni naye asimfukuze. Akajikuta akiomba, kwa moyo wote, kwa ajili ya kura ambazo hakuzitaka.

Simu ikalia mlio mfupi.

Nthenya aliirukia, akasoma, akawaonyesha mawakala namba, akatoka mbio hata kuaga akasahau. Nje watu walishangilia.

“Mungu akulipe, shemeji,” Sefu alisema. “Sasa waweza kufunga.”

Mwanakombo akafunga dirisha. Akafungua mkoba wa marehemu, akatoa kitambulisho chake mwenyewe, akalikaza shuka kichwani.

“Waenda wapi?” Bibi aliuliza.

“Kwenye dharura.”

Bibi naye alikuwa mama aliyemzika mwana. Viatu vya Mwanakombo vilikuwa vimefichwa tangu siku ya msiba. Bibi akavua ndara zake, akazisukuma kwa mguu hadi mlangoni.

“Zitakubana,” alisema.

Zilimbana. Jua lilimwumiza macho. Foleni ilipomwona, wanaume wakainamisha nyuso wakampisha, hata yule mzee mwenye sauti iliyokwaruzika. Chumba cha darasa kilikuwa na joto. Sefu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mawakala.

“Kidole, mama,” alisema Nthenya.

Akakiweka. Kiduara kikatokea kwenye kioo, kikaanza kuzunguka. Mwanakombo akaganda. Kikazunguka. Akashika ukingo wa meza.

Ndipo picha ikafunguka. Mwanamke wa kitambo, mwenye leso ya manjano, akijizuia kucheka na kushindwa, kwa sababu siku ile ya kujiandikisha Mbwana alisimama nyuma ya karani akimfanyia vituko. Tangu aingie edani hakuwa ameuona uso wake hata kwenye kioo.

Nthenya akasoma jina kwa sauti ili mawakala wasikie. Akageuka kwao. “Kuna mwenye pingamizi?”

Sefu alikuwa ameinuka nusu, akiitazama picha ile. Naye alikuwepo siku hiyo. Vituko vile yeye ndiye aliyekuwa akivishangilia. Foleni mlangoni ilingoja.

“Wakala?” Nthenya aliuliza tena.

Sefu akaketi polepole, akaupa mtambo mgongo, kama alivyosimama chini ya dirisha.

“Mpe karatasi yake,” alisema.