Mama Alikwama Wapi

Marehemu mke wa fundi cherehani alikuwa na kigugumizi. Utotoni walimcheka mpaka akaona heri kunyamaza. Hata dukani alinyoosha kidole tu. Alipokuwa msichana, mtengeneza filamu mmoja alimsikia siku hasira zilipomshinda, akigombana na muuza vitambaa, akampa nafasi ndogo: mwanamke anayemuaga mumewe kwenye kituo cha treni. Alipewa maneno matatu tu: "Nenda, lakini usinisahau." Yalimkwama kooni, yakatoka vipande vipande, na filamu ilipoonyeshwa ukumbi mzima ukatoa machozi. Tangu hapo hakuona haya tena kusema mbele za watu. Fundi alikuwa mmoja wa waliolia siku ile. Alimtafuta, akampata, akamuoa.

Mkewe alipofariki, sauti yake haikubaki popote isipokuwa humo kwenye filamu.

Kwa hiyo waliposikia filamu ile imetiwa rangi na kusafishwa, na itaonyeshwa tena, binti yao muuguzi aliomba ruhusa kazini ampeleke baba sinema. Fundi alipiga pasi suti yake mwenyewe.

"Baba, umependeza kama bwana harusi."

"Si naenda kumwona mama yako."

Kwenye pazia la sinema mkewe akatokea, gauni la kijivu limekuwa jekundu. Akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa nyororo kama ya mtangazaji wa redio, ikatiririka bila kukwama. Watu wakapiga makofi.

"Huyo nani?" fundi aliuliza.

"Ni mama."

"Uso ni wake. Nauliza huyo anayesema."

Kesho yake walikwenda kwenye kampuni iliyofanya kazi ile. Mhariri, mwanamke wa rika la binti, aliwakaribisha chai wala hakuwaficha kitu.

"Mzee wangu, tuliona kile kigugumizi ni kasoro. Tukamwita mwigizaji mwingine ayaseme upya. Tulitaka kumsitiri."

"Hakuomba kusitiriwa."

"Na mkanda wa zamani?" binti aliuliza.

"Ulikuwa umeoza, unanuka siki. Tulipomaliza tukautupa."

"Na ule waliokuwa wakiuonyesha kwenye runinga je?"

"Ndio huohuo, dada. Haukuwa na mwenzake."

Mhariri akaanza kulia. "Nyamaza, mwanangu," fundi alimwambia, "maji yakimwagika hayazoleki." Lakini chai aliirudisha mezani bila kuionja.

Nyumbani walikaa sebuleni bila kuwasha chochote. Fundi akajaribu kuyasema maneno yale kama mkewe.

"Ne-ne-nenda, lakini..."

"Hapana, baba. 'Nenda' ilitoka vizuri. Alikwama kwenye 'usinisahau'."

"Alikwama mwanzoni. Mimi nilikuwepo ukumbini."

"Nami niliitazama kila ilipoonyeshwa runingani."

Fundi akarudia kwa njia ya binti, midomo ikitafuta. Akaona huenda ndivyo. Binti naye akarudia kwa njia ya baba, akasita. Walijaribu tena na tena, kila mmoja akizidi kutokuwa na hakika, mpaka wote wawili wakaacha, kwa kuwa haukuwepo tena mkanda wa kuwaamua.